Kuku wa umri gani? Uchambuzi wa kisa cha neno moja la Kiingereza

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilianza Mei 1957 kati ya New York na Uswisi, na hukumu ikatolewa tarehe 27 Desemba 1960. Majina ya kampuni na ya mashahidi nimeyaondoa, nawaita tu mnunuzi, muuzaji na wengineo. Majina ya majaji nimeyaacha kwa kuwa hukumu zao ni za wazi, na hii mojawapo husomwa sana na wanafunzi wa sheria ya mikataba kule Marekani. Mimi si mwanasheria. Nakitumia kisa hiki kufundishia tafsiri, kwa sababu ugomvi wote ulikuwa juu ya neno moja ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua: "chicken".

Usuli: neno lililobeba umri

Ukimuuliza yeyote aliyepita shule "chicken" ni nini, atakujibu kuku, na hajakosea. Ila neno hilo limefika hapo kwa safari ndefu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina la kuku mchanga. Aliyekuwa jina la jumla, tena la ndege wa kila namna, ni babu wa neno "fowl", ndugu wa "Vogel" la Kijerumani ambalo mpaka leo maana yake ni ndege. Karne zikapita, "chicken" likapanda ngazi hadi likatawala ukoo mzima wa kuku, na "fowl" likashuka, hata katika biashara ya nyama ya Marekani likaishia kuwa jina la kuku mkongwe wa kuchemshwa. Maneno mawili yamepishana ngazini, mmoja akipanda na mwingine akishuka. Alama ya zamani haikufutika yote: mtu aliyekula chumvi, Mwingereza humsema kuwa si "spring chicken" tena, na hapo neno bado limeshikilia ujana wake.

Lina maana nyingine pia. Ni nyama yenyewe, iwe sahanini au kwenye jokofu. Ni mwoga, sifa ambayo sisi tumemtwika kunguru. Halafu kuna ndugu zake ambao vitabu vya visawe huwapanga mstari mmoja kana kwamba wanabadilishana nafasi: "hen" ni mtetea, "cock" au kwa Wamarekani "rooster" ni jogoo, "pullet" ni tembe, "chick" ni kifaranga, na "poultry" ni ndege wote wafugwao, bata wakiwemo. Wenye biashara ya nyama nao wana majina yao yanayofuata chungu: "broiler" wa kuchoma, "fryer" wa kukaanga, "roaster" wa kuoka, "stewing chicken" wa kuchemsha. Yanasikika kama majina ya mapishi, lakini kwa kweli ni majina ya umri. Kuku mchanga ukimweka juu ya makaa analika. Mkongwe ukimfanyia hivyo utamtafuna mpaka kesho.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Tuna kifaranga, tembe, pora ambaye ni jogoo mchanga asiyewika bado, mtetea na jogoo, majina ya umri na jinsia. Sokoni tuna kuku wa kienyeji, wa kisasa na chotara, majina ya asili na malezi. Lakini "kuku" lenyewe, bila kivumishi, linawabeba wote, hadi yule mzee ambaye ukimbandika asubuhi mkaa unakwisha kabla hajalainika. Jambo hili tulishike, tutalirudia.

Mkataba ulisemaje

Mnunuzi alikuwa kampuni ya Uswisi iliyoagiza vyakula kutoka nje. Muuzaji alikuwa kampuni ya New York, ngeni katika biashara ya kuku. Tarehe 2 Mei 1957 walifunga mikataba miwili kwa siku moja.

Wa kwanza ulitaka "chicken" wa Marekani, wabichi waliogandishwa, daraja A, waliokaguliwa na serikali, waliotolewa matumbo, kila mmoja amefungwa peke yake katika plastiki na kutiwa kwenye maboksi yanayofaa kusafirishwa nje. Ratili 75,000 ziwe za ndege wenye uzito wa ratili mbili na nusu hadi tatu kila mmoja, kwa dola 33 kila ratili mia. Ratili 25,000 nyingine ziwe za ndege wadogo, ratili moja na nusu hadi mbili, kwa dola 36.50 kila ratili mia. Kwa vipimo vyetu, wakubwa walikuwa na kilo moja na robo hivi, wadogo hawafiki kilo. Shehena iondoke tarehe 10 Mei. Mkataba wa pili ulifanana na wa kwanza, ila wakubwa walipungua hadi ratili 50,000, wadogo wakapanda hadi dola 37, na tarehe ikawa 30 Mei.

Tazama walivyokuwa waangalifu. Uzito umetajwa, daraja limetajwa, matumbo yametajwa, plastiki imetajwa, hata boksi limetajwa. Umri haukutajwa popote.

Mfuatano wa matukio

Mazungumzo yalipitia kwa mtu wa kati, Mzungu wa Ulaya aliyekuwa New York kwa shughuli ya maonyesho ya biashara. Mnunuzi alimpelekea simu za maandishi. Simu hizo ziliandikwa kwa Kijerumani karibu zote, lakini katikati ya Kijerumani lilikaa neno moja la Kiingereza: "chicken".

Ofisa wa muuzaji, aliyekijua Kijerumani vizuri, alimuuliza mtu wa kati ni kuku wa aina gani wanaotakiwa. Kwa ushahidi wake, alijibiwa kuwa ni wa aina yoyote. Akauliza tena, safari hii kwa Kijerumani, kama simu ilimaanisha "Huhn". Akaambiwa ndiyo.

Muuzaji akaenda kutafuta mzigo kwa wasambazaji. Mmoja wao alipopokea maulizo ya "chickens", naye akauliza: "fowl" au wa kukaanga? Mwishowe akatoa wakongwe. Lakini alifanya jambo la busara ambalo wengi hulipita wakisoma kisa hiki. Siku moja au mbili baada ya mnunuzi kukubali mikataba, msambazaji huyo alimwomba muuzaji abadilishe hati ya kuthibitisha agizo, neno "chickens" litoke, liingie "stewing chickens".

Shehena ya kwanza iliondoka pungufu, salio likafuata tarehe 17 Mei. Ilipofika Uswisi, tarehe 28 Mei mnunuzi akafungua na kukuta kwamba ndege wote wale wakubwa ni wakongwe wa kuchemsha. Maboksi na mifuko mingi ilikuwa imeandikwa hivyo waziwazi. Akalalamika. Kesho yake, tarehe 29, muuzaji akapakia shehena ya mkataba wa pili, na ndege wakubwa walikuwa wakongwe vilevile. Mzigo huo ulisimamishwa Rotterdam. Mnunuzi akafungua kesi New York, kilio chake kwa ufupi kikiwa kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kila mmoja aliamua nini, na kwa nini

Kesi iliangukia kwa Jaji Henry Friendly, naye alikwenda moja kwa moja kwenye kiini: swali ni "chicken" ni nini. Kamusi, alisema, zinatoa maana zote mbili. Ikabidi kila upande ueleze kwa nini uliamini maana yake.

Mnunuzi alieleza kwamba neno la Kiingereza hakuliingiza kwa bahati mbaya. "Huhn" la Kijerumani linabeba kuku wote, "Brathuhn" wa kuchoma na "Suppenhuhn" wa supu. Alichotaka ni wachanga, akaamini kwamba "chicken" kwa Kiingereza ni mchanga tu, kwa hiyo akalikwepa neno la lugha yake lililo pana akachukua la kigeni alilodhani ni jembamba. Kwa kuwa maofisa wa muuzaji walikijua Kijerumani, walipaswa kuung'amua mtego huo wa lugha. Nakiri kwamba mara ya kwanza niliposoma hoja hii niliipenda. Ni hoja ya mtu anayeyasikiliza maneno. Tatizo ni kwamba ilibaki kichwani mwake, na mtu wake mwenyewe alipoulizwa kama ni "Huhn", alikubali.

Hoja yake ya pili ilihusu uzito. Ndege wa ratili moja na nusu hadi mbili hawawezi kuwa wakongwe, mkongwe hawi mdogo hivyo. Kama wadogo ni wachanga, basi na wakubwa katika mkataba huohuo ni wachanga, maana neno ni lilelile. Jaji hakushawishika. Agizo la matofaa ya ukubwa wa namna mbili, alisema, linaweza kutimizwa kwa matofaa ya aina tofauti, hata ikiwa ni aina moja tu inayopatikana kwa ukubwa wote.

Ya tatu ilikuwa desturi ya biashara. Sisi husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sheria ya New York ilisema karibu kinyume chake: mgeni hafungwi na kamba ya desturi mpaka ithibitishwe kwamba aliijua, au kwamba imeenea kiasi cha kutoweza kudai hakuijua. Mnunuzi akaleta mashahidi watatu. Wa kwanza, aliyekuwa akinunulia maduka makubwa ya ushirika ya Uswisi, alisema akisikia "chicken" anaelewa "broiler" bila shaka. Ikabainika kwamba katika maagizo yake mwenyewe huandika "broiler" anapotaka wachanga na "fowl" anapotaka wakongwe. Wa pili ni yule msambazaji. Alisema "chicken" si wa kuchemsha, ilhali ndiye aliyeuliza, na ndiye aliyeomba hati ibadilishwe. Wa tatu, wa jarida la bei za soko, aliunga mkono maana finyu.

Muuzaji naye akaleta wake. Mmoja, mwenye kiwanda cha kuchinja na kusafisha kuku, alisema "chicken" ni kila kitu isipokuwa bata bukini, bata na bata mzinga, na kwamba lazima useme ni kundi gani unalotaka. (Kwa Kiswahili angemaliza kwa neno moja: kila asiye bata. Kanga nadhani alimsahau.) Muuzaji akaonyesha pia kanuni za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambazo chini ya kichwa "chickens" zinaorodhesha makundi sita, kuanzia "broiler" hadi jogoo mzee, na mkongwe wa kuchemsha yumo. Mkataba ulitaka ndege wa daraja A waliokaguliwa na serikali. Serikali iliyowakagua ndiyo iliyoandika kanuni hizo.

Halafu ikaja bei. Mei 1957 ndege wachanga wa uzito ule walikuwa wakiuzwa senti 35 hadi 37 kwa ratili. Muuzaji aliuza kwa 33. Jaji aliona mnunuzi hakuweza kutarajia mtu akubali kwa makusudi kumuuzia kwa hasara.

Matokeo

Mnunuzi alishindwa na kubebeshwa gharama za kesi. Jaji alikumbusha maneno ya Jaji Holmes kwamba mkataba haufungwi kwa nia mbili kukutana, bali kwa alama mbili za nje kulingana, yaani watu kusema kitu kimoja na wala si kukusudia kitu kimoja. Nia ya muuzaji peke yake isingemsaidia, ila ilikubaliana na mambo yanayoonekana: maana mojawapo ya kamusi, kanuni za wizara, matumizi ya baadhi ya wafanyabiashara, bei ya soko, na maneno ya mtu wa mnunuzi mwenyewe. Aliyedai maana finyu ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha, na hakuithibitisha. Zingatia kwamba jaji hakutamka kuwa "chicken" ni kuku wote. Alisema tu kwamba aliyedai ni wachanga peke yao hakulionyesha hilo.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi kilifanywa na msambazaji. Alipoona neno pana aliuliza, kisha akadai jibu liingie kwenye karatasi. Hilo la pili ndilo lililomlinda. Muuzaji naye aliuliza, tena mara mbili na kwa lugha mbili, na hiyo ilimsaidia mahakamani, lakini jibu alilopewa halikuvuka kutoka mdomoni kwenda kwenye mkataba. Kwa miaka mitatu likabaki kuwa ushahidi wa mtu mmoja kuhusu mazungumzo, na upande wa pili ukalishambulia.

Hapa nina neno la kumkosoa muuzaji, ingawa alishinda. Msambazaji alipomtaka abadilishe "chickens" kuwa "stewing chickens", alikuwa ameshapewa onyo kwamba ndani ya biashara hii neno tupu halitoshi. Simu moja kwenda Uswisi siku ile ingemwokoa kila mtu. Na kupakia shehena ya pili siku moja baada ya malalamiko kulikuwa ni kiburi, au ni haraka. Vyote viwili nimeviona kwa watu walioshika karatasi inayowapa haki.

Kosa la mnunuzi linatuhusu zaidi sisi wa lugha. Alilitegemea neno lifanye kazi ambayo angeifanya kwa maneno mawili. Mahali pa kuandika "young" palikuwepo, palepale alipoandika uzito na plastiki. Tena alikuwa amevuka lugha. Maana finyu ya "chicken" haikuwa uongo, ina mizizi ya karne nyingi na mashahidi wake waliiamini. Ila mgeni wa lugha akijifunza maana moja ya neno hudhani ndiyo yote, na kadiri anavyoijua vizuri ndivyo asivyoziona nyingine.

Kuhusu visawe, mashahidi walifundisha kuliko kamusi. Ukiwauliza watu neno lina maana gani, watakwambia wanavyolisikia. Ukitazama wanavyoandika agizo pesa zao zikiwa ndani, unaona wanavyoliamini. Wote waliosema "chicken" ni mchanga tu na ambao maagizo yao yalijulikana, hawakuliamini neno hilo kwenye kazi zao. Ndiyo sababu "broiler", "fowl" na "stewing chicken" si visawe vya "chicken", hata kama kitabu kimeviweka mstari mmoja. Ni maneno ambayo watu hukimbilia "chicken" linapowaangusha. Na bei nayo ni kamusi ya namna yake: ukipewa senti 33 mahali pa 35, jiulize neno gani katika mkataba limelegezwa.

Hukumu yenyewe haikumridhisha kabisa aliyeiandika. Mwaka 1961, katika tanbihi ya maoni yake ya kupingana na wenzake kwenye kesi nyingine, Friendly alidokeza kwamba pengine ingekuwa bora kusema nia za pande mbili hazikukutana, na hasara bado ibaki kwa mnunuzi. Angekuwa amekisogeza kisa karibu na kile cha Uingereza cha mwaka 1864 cha pamba iliyotoka Bombay kwa meli iitwayo Peerless, ambapo meli zilikuwa mbili, moja ya Oktoba na nyingine ya Desemba, na kila mtu alikuwa na yake kichwani. Sijui kama mlinganisho huo ungetosha. Meli mbili hazina undugu wowote isipokuwa jina. Kuku mchanga na kuku mkongwe ni ndege yuleyule, amepishana na miezi.

Maelezo ya mfasiri

Nilipokitayarisha kisa hiki kwa Kiswahili mara ya kwanza, nililitafsiri swali la jaji kuwa "Kuku ni nini?" Nikasoma tena, nikaona nimeshaihukumu kesi. Kuku ni kuku. Neno letu halikuwahi kuwa la mchanga peke yake, ni "Huhn" mtupu, na hoja yote ya mnunuzi inayeyuka kabla hajasimama kizimbani. Nikajaribu "kuku mchanga", nikawa nimempa yeye ushindi. "Ndege wa kufugwa" likamwingiza bata ambaye shahidi alikwisha kumtoa.

Mwisho nikaliacha neno kama lilivyo, "chicken", katikati ya sentensi za Kiswahili, kama unavyoliona katika maandishi haya. Ndivyo alivyofanya yule mnunuzi katika simu zake za Kijerumani.